Muulize waziwazi

Mwenzangu chuoni, hapa Ngara, Nairobi, alikuwa hatoki chumbani tangu matokeo yatoke. Karo hajamaliza, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, umechelewa, na kule kijijini wameshaanza kumwita “Daktari”. Hilo la mwisho ndilo lililomlemea zaidi. Hata simu ya mamake alikuwa hapokei. (Amenikubalia niandike haya.)

Nilimuuliza waziwazi: unafikiria kujiua? Akanyamaza, halafu akasema ndiyo, akalia sana. Wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Wataalamu wanasema sivyo. Swali hilo humpa nafasi ya kusema. Sikumwacha peke yake usiku huo. Tulipiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na asubuhi tukaenda kwa mshauri wa chuo. Foleni jamani! Wanafunzi maelfu, washauri wa kuhesabika. Inauma.

Alihofia pia polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kinakiuka Katiba. Wanafunzi wengi hawajui hili, na hofu hiyo huwafunga midomo.

Sasa anapata matibabu. Mamake ameambiwa yote, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mwanawe amekula.

Wakuu wa vyuo, tunawasihi: ongezeni washauri kabla ya mitihani ya muhula huu, na muwaweke hadi usiku.