Nilivyopambana na filta kwenye kipimo cha vipokezi

Wiki tatu mfululizo mashine ya kuhesabu mionzi ilinipa majibu yasiyoeleweka. Nilikuwa nasoma Uingereza, nikichunguza vipokezi vya muskarini, protini za kwenye seli zinazopokea ujumbe wa neva na ambazo huzibwa na dawa iitwayo atropini. Mnanaha unaoota wenyewe kando ya njia huku kwetu una dawa za ukoo huo huo, na ndiyo sababu kazi hii niliipenda tangu siku ya kwanza.

Dawa yangu ilikuwa N-methilskopolamini yenye tritiumu, yaani hidrojeni yenye mionzi, ili mashine iweze kuihesabu. Unaichanganya na vipande vya utando wa seli, unasubiri, halafu unavuta mchanganyiko kwa pampu upite kwenye filta ya nyuzi za kioo. Dawa iliyoshikwa na kipokezi hubaki kwenye filta, iliyo huru hupita na bafa, yale maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha uchachu. Mirija mingine unaitia pia atropini ya kawaida kwa wingi, mimi nilitia maikromola 1, ili izibe vipokezi vyote. Mionzi inayobaki hapo ni ya dawa iliyonata ovyo, nayo unaitoa kwenye jumla, yaani kipimo cha mirija isiyo na atropini.

Kwangu iliyonata ovyo ilikuwa nyingi mno. Jumla ilisoma mipigo 3,200 ya mionzi kwa dakika, mirija ya atropini 2,100. Nikalaumu utando. Nikaandaa mwingine, nikauosha mara mbili, hali ikawa ile ile.

Msimamizi wangu akaniuliza, "Umeshapima filta bila utando?"

Sikuwa nimepima. Nikapitisha dawa na bafa tu, bila kipokezi hata kimoja. Mashine ikasoma 1,900. Kumbe kioo kina chaji hasi na molekuli yangu ina chaji chanya, vinavutana vyenyewe! Nikaloweka filta saa nzima kwenye polietilinimini ya asilimia 0.3, kemikali yenye chaji chanya ambayo huwahi kukaa kwenye zile chaji za kioo. Bafa ya kuoshea nikaiweka kwenye barafu, nikaosha mara tatu chapuchapu, maana kwenye baridi dawa haiwahi kukiachia kipokezi. Jumla ikashuka hadi 1,350, ya atropini 230. Tofauti kati ya hizo mbili haikusogea sana, kwa hiyo vipokezi vyangu vilikuwa vizima muda wote.

Kuhusu usalama, tritiumu inataka uangalifu wa aina yake. Mionzi yake ni dhaifu, haipenyi ngozi, na kifaa cha kawaida cha kupima mionzi, kile cha kushika mkononi, hakiioni kabisa. Hatari ni kuimeza au kuivuta. Kila jioni nilifuta meza kwa vipande vya karatasi na kuvihesabu kwenye mashine. Siku moja kipande nilichofutia mpini wa friji kilisoma juu kuliko vyote. Nilikuwa nimeushika na glavu za kazi. Tangu hapo nilivua glavu kwanza, ndipo nikagusa mlango.

Ijumaa iliyofuata nikaongeza dawa hatua kwa hatua, na safari hii mchoro ulipanda, ukapinda, ukalala. Nusu ya vipokezi ilijaa kwenye nanomola 0.2 hivi.