Huu wa Kulia Una Kosa Gani?

Wiki hii Bibi amehamia kwetu na kaka yangu ameposa, lakini mimi bado nipo katika chumba kile cha daktari, ninalisikia swali la mwanangu Idrisa.

Habari za nyonga ya kushoto alizipokea kwa utulivu. Daktari bingwa alimwonyesha kwenye eksirei jinsi kichwa cha mfupa wa paja kilivyoteleza kwenye gegedu la ukuaji, yaani tabaka laini ambapo mfupa wa mtoto hurefukia, akaeleza kwamba skrubu moja ndefu itapitishwa kwenye tundu dogo la ngozi ili ikishikilie pale pale kilipo, kwa sababu kukirudisha kwa nguvu kunaweza kuharibu mishipa midogo ya damu na mfupa ukafa. Kwa kuwa bado anaweza kukanyagia mguu huo, hatari hiyo kwake ni ndogo.

Kisha akasema, "Mama Idrisa, napendekeza na kulia tuweke."

Idrisa aliacha kuchezea mpira wa gongo lake. "Daktari, huu wa kulia una kosa gani?"

Aliuliza kama mtu anayemtetea mdogo wake aliyesingiziwa.

"Hauna kosa, baba. Una miaka 11, bado unarefuka sana, na watoto wa umri wako nyonga ya pili mara nyingi huifuata ya kwanza."

Usiku ninayarudia majibizano hayo, na kila ninapofika kwenye lile "hauna kosa" hasira inanipanda, kwa sababu muhula mzima mwanangu alilalamikia goti, zahanati ikapiga picha ya goti, ikampa dawa za maumivu, na hakuna aliyemlaza akalikunja paja lake aone linavyogeuka nje lenyewe. Maumivu ya nyonga husikika gotini. Mtoto anayechechemea apimwe goti na nyonga, vyote viwili.

Jana, tukiwa tunakunja nguo, Idrisa akasema bila kuulizwa, "Mama, na huu waushike, ili nilale kitandani mara moja tu." Nilimkumbatia hadi akalalamika. Ameamua mwenyewe, na moyo wangu umekubali pamoja naye.

Sasa ninachowaza ni choo cha shule. Ni cha kuchuchumaa, hakina hata bomba la kushikia ukutani, na atarudi darasani akiwa bado anatembelea magongo mawili. Jumatatu nitakwenda kumwona mwalimu mkuu.