Meza ya Mninga na Mizani ya Sangara

Mtu akikuambia mbao za yadini zimeshakauka, muulize amejuaje. Mimi niliuliza kila nilipokwenda hapa Mwanza. Mmoja aligonga ubao kwa vidole, akausikiliza, akasema, "Mama, huu mkavu, wewe randa tu." Mwingine alinihesabia miezi ambayo mzigo umelala yadini kwake. Hakuna aliyenitajia kipimo, na hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu kipimo kipo na mtu yeyote mwenye jiko anaweza kukifanya.

Nilikuwa natafuta mninga wa meza ya kulia. Msonobari wa Sao Hill nimeutumia sana kwenye kenchi na mabenchi, sina ugomvi nao. Lakini meza pana, katika nyumba inayopata unyevu wa ziwa wakati wa mvua na ukavu wa Julai, inataka mti uliotulia. Mninga, kutoka ubichi hadi ukavu wa ndani ya nyumba, hupungua upana kwa chini ya asilimia 2. Moyo wake mchwa hawauwezi kirahisi, na randa kali inapita vizuri.

Mzigo mwingi wa mninga unatokea upande wa Tabora, Katavi na Kigoma, na si kila kinachoitwa mninga ni mninga. Zipo mbao nyeupe zilizopakwa rangi. Mimi nilibeba randa ndogo mkobani. Ukiomba ruhusa, pitisha randa mara mbili katikati ya ubao, usipitishe nchani. Rangi ya kupaka inaishia hapo hapo. Mninga wa kweli ni uleule hata ndani, kahawia yenye dhahabu, na mara nyingine una michirizi inayoelekea wekundu. Muuzaji mmoja aliikataa randa yangu; nikamuaga.

Angalia pia weupe wa pembeni, ule uliokuwa karibu na gamba. Nilishauriwa niununue hivyo hivyo kwa bei ya chini, vanishi ya rangi itauficha. Itauficha machoni, lakini bungua haulizi rangi, na weupe wa mninga ndio chakula chake. Na daini risiti na karatasi za TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Mti huu unachukua miongo mingi kufikia kupasuliwa mbao, na mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama, jamii yote ya mninga ya Afrika iliingizwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Sikutaka kula kwenye meza ya wizi.

Sasa kipimo. Nilikata kipande chembamba, umbali wa kama mkono mmoja kutoka nchani, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Nikakipima papo hapo kwenye mizani ya jikoni ya kupimia unga: gramu 148. Nikakiweka ndani ya sufuria kavu yenye mchanga, kikalalia vijiti ili kisiguse chuma, mkaa kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Joto linatakiwa lizidi nyuzi 100 kidogo tu. Kikianza kutoa moshi, kazi imeharibika, kwa sababu unachoma mti wenyewe badala ya kutoa maji. Kila baada ya muda nilikitoa, nikakipima, nikakirudisha, mpaka uzito ukagoma kushuka: gramu 120. Kwa hiyo maji yalikuwa gramu 28. Gawanya kwa 120, unapata zaidi ya asilimia 23. Huo ndio ubao "mkavu, wewe randa tu"!

Kwa samani za ndani nililenga asilimia 12, na hapa ndipo ninapojivunia zaidi. Shemeji yangu ananunua samaki kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, na ana ile mizani ya kuning'iniza anayopimia sangara. Akaniazima. Ubao mmoja wa inchi mbili kwa nane, baada ya kukatwa kile kipande, ulikuwa na kilo 21. Ukiondoa maji yote, yaani 21 gawanya kwa 1.23, hesabu inabakiza kilo 17 za mti mtupu. Ongeza asilimia 12 ya hizo, inakuja kilo 19. Nikaandika 19 kwa chaki kwenye ubao wenyewe, na kila ubao nikauandikia namba yake. Tangu hapo sikuhitaji sikio la mtu. Ubao ukifika namba yake, umekauka.

Jirani alinisihi nizianike juani ziwahi. Jua la juu ya mawe yetu ya Mwanza lingezipasua ncha. Nilizipanga kivulini, penye upepo, vijiti katikati, vyote vimenyooka juu hadi chini, ncha zimepakwa mabaki ya rangi ya mafuta ili zisitangulie kukauka. Ilichukua miezi, na nilikuwa na haki ya kusubiri.

Kuranda na kuunga gundi hakukuwa na jambo, ila vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na wengine linawabana kifua. Uso wa meza sikuugandisha kwa gundi kwenye fremu. Nilitoboa matundu marefu, skrubu ziweze kuteleza mti unapotanuka na kusinyaa. Gharama? Mbao zilinila karibu mara tatu ya msonobari, na vanishi isiyo na rangi juu yake. Aliyetaka kuipaka "rangi ya mninga" nilimnyang'anya brashi.

Nimeipima upana masika, nikaipima tena kiangazi. Tofauti haikufika milimita 3, na hakuna kiungo kilichofunguka.