Ngoma ya wageni, nimeikuta mpaka Krete

Wanaonijua hapa Mtwara wanajua kazi zangu mbili, mchana nafundisha Kiswahili, jioni ndo madam wa ngoma. Akisikika mgeni anakuja, awe wa wizarani awe mfadhili wa vyoo vya shule, simu ya kwanza inapigwa kwangu, "madam, watoto wapo tayari?", hapo naanza kuhangaika na njuga, na khanga za kufunga kiunoni, na mpiga ngoma ambaye siku hiyo hiyo lazima aamke na homa. Sindimba, ile ngoma ya kiuno ya Wamakonde, nimeifundisha miaka 11 sasa. Kwa hiyo dada yangu, mtoto wa mama mkubwa aliyeolewa Ujerumani, aliponiambia kwamba kwenye ile likizo yetu ya Juni amenilipia na "usiku wa Kigiriki", yaani chakula cha asili na ngoma za asili, euro 40 kwa kichwa, nikapiga hesabu haraka haraka nikaona ni zaidi ya laki moja ya kwetu, nikakaa kimya kwanza. Afu nikasema sawa, ngoja nikaone wenzangu wanafanyaje. Yaani dada alimpeleka mtalii, kumbe kapeleka mkaguzi.

Tulikuwa Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, mji unaitwa Chania. Mambo ya viza msiniulize. Chania kwa mtu aliyekulia Mikindani ni kama umefika kwa ndugu yako aliyepata hela, bandari ya zamani, nyumba za mawe, vichochoro vya kupishana kwa kubanana, paka kila kona. Pale ukingoni kabisa mwa maji kuna msikiti wenye makuba, nikafurahi nikamwambia dada twende tukaswali, kumbe hausaliwi. Ulijengwa enzi za Waturuki waliokitawala kisiwa kwa zaidi ya miaka 200, afu mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki wakakubaliana kubadilishana watu kwa dini zao, Waislamu wa Krete wakapandishwa meli wakahamia Uturuki, wengine Kituruki chenyewe hawakijui. Siku hizi ni sehemu ya maonyesho. Nikakaa pale nje kidogo naangalia maji. Shemeji akanunua aiskrimu tukaondoka.

Jioni haisi ikaja kutuchukua kutupeleka kijijini. Njia nzima mizeituni, imepangwa mistari mpaka juu vilimani, chini kumepaliliwa safi, usingizi ukanipitia kidogo na nilivyoshtuka nikajua niko kwenye basi la Newala napita kwenye mikorosho. Tofauti ni kwamba wenzetu wakati wa kuvuna wanatandika nyavu chini ya mti wanatikisa matawi zeituni zinadondoka zenyewe, wakati sisi korosho tunainama tunaokota moja moja mpaka mgongo unalia.

Chakula sasa. Meza ndefu imewekwa chini ya mzabibu, na vyakula havijapangwa kwa kila mtu sahani yake, vinatua tu katikati kimoja kimoja na kila mtu anachovya, kwa hiyo nilikaa vizuri kabisa kama niko kwenye sinia. Kikaanza kuja kipande cha mkate mkavu wa shayiri, mgumu huo unaweza kumpigia mwizi, ila juu yake wamekwangua nyanya na kuweka jibini laini na mafuta ya zeituni, ukiuacha dakika mbili tatu unalainika, wanauita dakos, nikala viwili. Mtindi mzito wenye tango na kitunguu saumu, tzatziki. Majani ya mzabibu yameviringishwa na wali ndani. Mboga za porini za kuchemsha tu, mafuta na limao, hapo nikawa nyumbani kabisa nikabaki kutafuta ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Afu likaja bakuli nikadhani ni vitu vya baharini, dada akachukua kimoja akachokonoa na kijiti, kumbe konokono. Konokono wa shambani jamani, wale wale! Wamekaangwa na chumvi na siki na majani ya rozmari na watu wanawagombania. Nikasema mwenyezi Mungu anisamehe, hapa sifiki.

Mishikaki nikauliza, kijana mhudumu akasema bila kuficha, ya nguruwe. Kulikuwa na kondoo pia, wanamkata vipande vikubwa wanavisimamisha kuzunguka moto, hawaviweki juu ya moto, vinakaa pembeni masaa na masaa na kiungo chake ni chumvi tu, harufu yake mpaka leo ninayo, ila sikujua amechinjwaje, kwa hiyo mimi na pweza. Na pweza wao ni pweza kweli. Wanampigiza kwenye mwamba alainike, wanamwanika juani kwenye kamba kama nguo, afu mkaani, afu siki. Nikamwambia kijana kwetu Msimbati huyu tunampiga hivyo hivyo, ila sisi tunamalizia na tui la nazi, akanijibu "ne, ne". Jioni nzima nikiongea naye ni "ne, ne", mimi nadhani ananiuliza nataka vinne nikawa namwonyesha kidole, kimoja tu baba kimoja kinatosha. Kumbe "ne" kwao ndo ndiyo.

Halafu kuna raki, wenyewe Krete wanaiita pia tsikoudia, inakuja na vigilasi vidogo kama vya dawa ya kikohozi. Nikauliza inatengenezwaje. Wakishakamua zabibu za mvinyo, yale maganda na mbegu zinazobaki wanaziacha zichachuke, afu wanazipika kwenye chungu kikubwa cha shaba mvuke upite kwenye bomba upoe, na msimu wake ni mwezi wa 10 na wa 11. Nikacheka peke yangu mpaka dada akanikanyaga. Mwezi wa 10 na wa 11! Muda huo huo kwetu korosho zinakwenda ghalani kusubiri mnada, na mabibo yanayobaki kila mtu anajua yanaishia wapi. Ila wao wana vibali, wakipika wanaalika majirani wanachoma nyama, kwetu unapikia kichakani na mtoto umempandisha juu ya mwembe aangalie njia. Mi sinywi, nikaweka mkono kifuani nikakataa kwa adabu, mzee mwenye mgahawa akafikiri kidogo, akanijazia maji kwenye kigilasi kile kile cha raki ili nigonganishe na wenzangu. Hilo nililipenda kuliko pweza.

Ngoma ikaanza. Wapigaji wawili tu. Mmoja ana lira, ni kama fidla ndogo ya nyuzi tatu anaisimamisha pajani, mwingine ana laouto ya shingo ndefu, ukiiangalia tu unajua ni ukoo mmoja na udi wa taarabu. Wakatoka vijana wa kiume na suruali pana za kuvimba na mabuti marefu, na kilemba cheusi chenye vishada vinavyoning'inia kwenye paji la uso. Kijana akatueleza kwamba wanasema vile vishada ni machozi, ya monasteri ya Arkadi, mwaka 1866, mamia ya watu wengi wao wanawake na watoto walijificha humo Waturuki wakawazingira, wenyewe wakaona bora kulipua baruti kuliko kujisalimisha. 1866 mimi naijua kwa sababu nyingine, ndo mwaka Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, kibao kipo pale tunapita kila siku. Sikuwahi kufikiria mwaka ule mahali pengine kulikuwa na nini.

Wakacheza pentozali, mikono mabegani mwa mwenzio, mstari unazunguka, na anayeongoza anaruka anajipiga buti na kiganja hewani. Kazi nzuri, miguu safi. Na hapo ndo nikauona uso.

Kuna uso mtoto anauvaa akiwa anamchezea mgeni. Meno yote nje, macho yanamtafuta madam, bado nyingi? Nimeuona kwa wanangu juani pale uwanja wa ndege, ndege imechelewa masaa mawili, soda hazijaja, wanakata kiuno wanatabasamu. Sasa msichana wa tatu kwenye mstari, kwenye miaka 17 hivi, alikuwa nao ule ule. Nikamhurumia nikasahau kupiga makofi.

Baadaye mtu wa maiki akatangaza sasa ngoma ya kale ya Wagiriki, sirtaki, wageni wote simameni! Shemeji yangu Mjerumani, hawezi kuachia kitu hajakihakiki, akatoa simu akasoma, kumbe sirtaki ilitungwa kwa ajili ya filamu iliyopigwa hapo hapo Krete ikatoka mwaka 1964. Ngoma ya kale ina umri sawa na Muungano! Shemeji alijisikia ameibiwa. Mi sikuweza kusema kitu, maana ile sindimba yangu nayo bibi yangu akiiona anauliza hii nini, tumeipanga mistari, tumepunguza kiuno kwa sababu ya viongozi wa dini, tumeikata ikawa dakika 7 kwa sababu mgeni ana ratiba.

Nikainuliwa na mimi. Tatizo, kulia kwangu ni kijana wa kiume kanyoosha mkono anishike bega, na mimi na mtandio wangu nikaganda. Yule msichana wa uso akaona. Hakusema kitu, akaja akaingia katikati yetu, akachomoa leso akanipa ncha moja yeye akashika nyingine. Kumbe si kwamba alibuni, kwenye syrtos, ngoma yao nyingine ya asili, anayeongoza na wa pili yake hushikana kwa leso, ndo inamfanya wa mbele azunguke na kuruka bila kuanguka. Nikacheza na leso yangu. Nilikuwa mbovu. Mtu wa sindimba kazoea chini kukaa imara kiuno kifanye kazi, huku kiuno kimelala kabisa miguu ndo inaongea, na ikianza kwenda mbio unajikuta unaburutwa kama ndoo.

Sahani hazikuvunjwa, kwa wanaosubiri hapo. Dada alikuwa ameshaandaa simu arekodi vidio. Tukaambiwa serikali ya kijeshi ilipiga marufuku mwaka 1969, na siku hizi ukiona zinavunjwa mara nyingi ni za plasta zimetengenezwa kwa kazi hiyo, wengi wanarusha maua. Sisi tulirusha leso za karatasi afu dada akaanza kuziokota, tabia ya kwetu haifi.

Saa nne na nusu mabasi ya watalii yakaondoka. Letu halikuondoka kwa sababu dereva alikuwa meza ya nyuma anakula na wenyeji na hana hata dalili. Basi ndo bahati yetu. Mpiga lira badala ya kufunga vitu vyake akahamia ile meza, akaanza kupiga polepole, na mzee mmoja akaimba mistari miwili. Wakacheka. Mwingine akamjibu mistari miwili. Wakacheka zaidi, mmoja akapiga meza. Nikamvuta mhudumu, hiki nini? Mantinada, anasema, mistari miwili yenye vina, kila mmoja mizani 15, nane afu saba, mtu anatunga papo hapo na mwenzie anajibu. Jamani mwalimu wa Kiswahili nilisimama! Nane na saba! Sisi tarbia, shairi letu la mistari minne minne, kila mstari ni nane na nane, 16, wenzetu wamedokoa moja. Nikamlazimisha anitafsirie, akawa anatafsiri huku anaona aibu, wa kwanza kamwambia mwenzie mizeituni yake imezeeka kama mwenyewe haina tena mafuta, na yule kajibu mzeituni mzee ndo unaozaa, uliza mkeo. Malumbano kabisa! Nikahesabu mizani kwa vidole chini ya meza, zinatimia.

Na msichana wangu katoka kule nyuma kashavaa jinzi na raba, simu mfuko wa nyuma, akamshika mkono bibi mmoja aliyekuwa jikoni muda wote, aproni bado imelowa, wakacheza syrtos wawili tu pembeni ya meza. Hawaangalii mtu. Bibi anapiga hatua ndogo ndogo kama anakanyaga mayai, na msichana hatabasamu hata kidogo, kauma mdomo, anafuata miguu ya bibi. Dada akaniuliza mbona unalia. Nikamwambia moshi.

Nimerudi, nikaenda Mikindani kumsalimia bibi. Shikamoo, marahaba, habari za huko. Nikamsimulia yote, akasikiliza mpaka mwisho akauliza la kwake, "Wanakata?" Nikamwambia hawakati bibi, wanaruka. Akaguna. "Na hao konokono hukuonja?" Sikuonja. "Umeenda mbali kote huko afu hukuonja." Ameniudhi mpaka leo.

Shule imefunguliwa Julai na tayari nimepewa taarifa, kuna ugeni Ijumaa. Njuga pea tatu zimekatika, mpiga ngoma ameanza kukohoa. Nimemwomba mwalimu mkuu kitu kimoja, wageni wakishapanda magari ngoma zisirudishwe stoo, watoto waachiwe nusu saa, na bibi zao wanaouza maandazi getini waruhusiwe kuingia. Ameniuliza nusu saa ya nini, madam. Nimeshindwa kumweleza vizuri, nikasema ya mazoezi.