Msiidharau eksirei ya tumbo

Jamani, eksirei ya kawaida ya tumbo bado ina kazi kubwa. Juzi hapa Kampala tulimpiga picha dereva wa lori mwenye maumivu ya ubavuni yanayoteremka hadi kinenani, na mkojo wa damu. Doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, lilikaa pembeni mwa pingili za kiuno, pale pale mrija wa mkojo unapopita kushuka kibofuni. Daktari alijua pa kuanzia: huenda ni jiwe la figo.

Mawe mengi ya figo yana kalsiamu, ndiyo maana huonekana meupe. Ila yale ya asidi ya yuriki hayaonekani kabisa! Kwa hiyo picha ikiwa safi, msimwambie mgonjwa hana jiwe. Apelekwe altrasaundi, au CT (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili tabaka kwa tabaka) ikipatikana.

Tena si kila doa jeupe ni jiwe. Chini kwenye nyonga, mishipa ya damu huweza kuwa na vijipunje vya chokaa, vya mviringo, mara nyingi na weusi katikati. Mtu kutibiwa mawe kwa sababu ya hivyo inaniuma sana.

Kwa wagonjwa wa kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, kwenye kichocho cha mkojo, mimi huangalia kibofu kwanza. Kichocho cha miaka mingi huweza kuacha mstari mweupe mwembamba kuzunguka ukuta wake. Ukiuona, usiishie kumpa antibiotiki akarudi nyumbani.

Na akina mama, kama huenda una mimba, tuambie kabla hujapanda mezani.