Karafuu ndani ya chupa ya Paris
Jana binamu yangu alinitilia tone moja la marashi ya L'Eau kwenye kifundo cha mkono, nikanyamaza. Karafuu! Karafuu kavu kabisa, ile ya kwenye jamvi jioni kule Pemba, halafu mdalasini, na waridi kwa mbali.

Ni marashi ya Diptyque, ya mwaka 1968. Kampuni hiyo ilianzishwa 1961 na marafiki watatu, Christiane Gautrot, Desmond Knox-Leet na Yves Coueslant, kwenye duka namba 34, boulevard Saint-Germain, Paris. Wala hawakuanza na marashi. Walikuwa wakiuza vitambaa vya michoro yao wenyewe; mishumaa ya kunukia ikaja 1963. Kilichonigusa ni kwamba L'Eau, marashi yao ya kwanza, yalitokana na mchanganyiko wa viungo wa karne ya 16. Wakati wengine wanafukuzia maua, wao walirudi kwenye viungo. Nawapenda kwa hilo.

Bibi yangu alikuwa akitia karafuu kwenye sanduku la kanga zake. Asubuhi hii nimeoga, na mkono bado unanukia sanduku lile.