Utenzi ulioanza mguuni

Daftari la babu lina tenzi alizoziandika kwa herufi za Kiarabu, na karatasi zake zimeanza kumeguka. Nilipolipeleka steshenari likaskaniwe, kijana wa pale alilifungua akalilaza kwenye mashine hivyo hivyo. Nikarudi na PDF ya picha 62, karibu zote kurasa mbili mbili. Kwenye kompyuta zinasomeka. Kwenye simu ya shangazi, ambaye ndiye aliyelitaka, herufi zilikuwa sisimizi.

Nikakimbilia njia ya mkato. Programu ya mutool ina amri, mutool poster -x 2, inayopasua kila ukurasa vipande viwili vya kulia na kushoto. Punde nina kurasa 124, nikamtumia shangazi kwa WhatsApp, nikalala. Asubuhi akapiga: “Mwanangu, utenzi huu mbona waanza mguuni?”

Aibu ilioje! Maandishi haya husomwa toka kulia, na mutool ilikuwa imetanguliza ukurasa wa kushoto. Ushahidi ulikuwa kwenye karatasi yenyewe. Waandishi wa zamani walizoea kuandika neno moja chini ya ukurasa wa kulia, lile lile linaloanzia ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zipangike. Babu kaliandika kila mahali, nami siku zote nilidhani kalamu ilimteleza.

Tena mshono wa daftari haukukaa katikati kila mara. Kisu cha mutool kikala mwisho wa mistari ya ukurasa wa kulia, yaani vina. Utenzi bila vina! Jalada nalo, ambalo lilikuwa peke yake, likapasuliwa.

Nikaanza upya na ScanTailor, programu ya kutengeneza kurasa zilizoskaniwa. Hii haifungui PDF, inataka picha, kwa hiyo nilizitoa kwanza kwa programu nyingine, pdfimages. Unapoanza mradi kuna kisanduku cha kutiki kwa vitabu vinavyosomwa toka kulia, usikiruke. Kisha inachora mstari pale inapodhani mshono upo, nawe unausogeza kwa mausi. Jioni nzima ikaishia hapo. Majina ya faili hutoka na 1R (kulia) na 2L (kushoto) mwishoni, kwa hiyo hujipanga zenyewe, nikaziunganisha ziwe PDF moja kwa programu ya img2pdf.

Jedwali la mirathi nililiacha zima. Babu alilitandaza kurasa mbili, safu moja ikipita juu ya mshono, na ukilikata huwezi tena kujua fungu lipi ni la nani. Shangazi akifika hapo huilaza simu.

Lililonichosha zaidi ni yale maneno ya chini. Katika hatua ya kuchagua maandishi, programu iliyaona uchafu ikayaacha nje ya fremu. Nikawa naivuta fremu chini, ukurasa mmoja mmoja, mpaka yakaingia yote.